Saa ya Huruma

Siku Jamhuri ya Milima ilipojitoa katika Shirikisho, Nankondo Mshana alikwenda kazini na viatu visivyofanana, kimoja cheusi, kingine cha kahawia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Wote waliokuwamo katika Chumba cha Mapigo pale mjini Changoma waliviona. Kajiru, msaidizi wake, aliviona hata kabla hajamaliza kutamka shikamoo. Lakini mtu ambaye ikifika saa sita mchana atakuwa ameushika mkononi umeme wa watu milioni nne, humsumbui kwa habari za viatu. Unampa chai, unakaa pembeni.

Chai alipewa, ya tangawizi. Hakuigusa.

Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani, ile kubwa yenye mshale mmoja. Haikuwa saa ya kuonyesha muda. Ilionyesha mapigo ya umeme, na asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za miaka thelathini na moja, mshale ulikuwa umelala juu ya hamsini. Umeme wote wa Shirikisho, kutoka pwani hadi maziwa makuu, ulipiga mapigo hamsini kwa sekunde, na aliyeyapiga ni Mizani, ubongo wa mashine uliofukiwa chini ya ardhi katika mji mkuu wa Shirikisho. Mapigo yakishuka chini ya arobaini na tisa, mitambo huanza kuangusha wilaya moja moja gizani ili ijiokoe. Yakipanda zaidi ya hamsini na moja na nusu, mitambo hujizima yenyewe, yote, na kuiwasha upya ni kazi ya siku mbili. Nchi inaishi katikati ya namba hizo mbili, na Milima hawakuwahi kujishikia mapigo yao hata kwa dakika moja.

Mizani haikuwa na ubaya wa moyo, maana haikuwa na moyo. Ilihesabu tu. Ilihesabu kwamba watu wa Milima hulala mapema, basi ikawakatia umeme kila siku saa mbili usiku. Ilihesabu kwamba maji ya mabwawa yao yana faida zaidi yakiendesha lifti za maghorofa ya pwani kuliko yakinywesha mashamba ya tangawizi, na tangawizi ikakauka misimu mitatu mfululizo. Ukilalamika, ilikujibu kwa adabu kabisa, na takwimu juu. Watu wakachoka na adabu hiyo. Kura ilipopigwa, sitini na mmoja kati ya kila mia walisema tutoke.

Nankondo alipiga kura ya kubaki. Hakumwambia mtu, hata mumewe, ambaye kwa miezi minne alikuwa akilala na kofia ya kampeni ya kutoka.

* * *

Simu ya kwanza ilitoka kwa ndugu yake Mbazi, mlinzi wa ndiva ya Kivindu.

Ndiva ni mabwawa madogo ya milimani, ya udongo na mawe, yaliyochimbwa na mababu kwa majembe. Usiku hujaa, asubuhi hufunguliwa, maji hushuka mashambani kwa zamu. Milima wanazo mia sita na kumi na nne. Chini ya kila moja, mafundi wa jamhuri walikuwa wamefunga mtambo mdogo wa umeme, na huo ndio ulikuwa mpango mzima wa kujitegemea. Mizani ilipouona mpango huo ilituma ujumbe wa kuuliza kama kuna kurasa zilizosahaulika.

"Dada, ujumbe wenu unasema saa sita nifungue lango vidole viwili," alisema Mbazi. "Vidole vya nani? Vyangu au vya marehemu baba?"

"Mbazi, nina kazi."

"Na mimi nina kazi. Vya baba vilikuwa vinene. Ukichukua vyangu, utakosa maji."

Watu wa ndiva hawakupima maji kwa namba. Walipima kwa vidole vilivyolazwa chini ya lango, na mafundi walioleta vipimo vya mita waliishia kuvirudisha mjini na vumbi lake. Nankondo mwenyewe ndiye aliyekaa miezi miwili akigeuza hesabu zote za umeme kuwa vidole.

"Vyako, Mbazi. Viwili. Halafu usiizime simu, nikitaka kuongeza nikupigie."

"Simu naiweka kwenye kikapu. Lango linataka mikono miwili." Akacheka. "Lakini dada, ndiva imejaa mpaka mdomoni. Mwaka wa tatu sijaiona hivi. Sote huku tumevaa nguo za sikukuu, na redio tumeifunga kwenye spika ya kanisa. Tunasubiri tu."

Alipokata simu, Nankondo alijikuta anatabasamu, na hilo lilimshangaza.

* * *

Simu ya pili iliingia saa tano na dakika kumi, kwa waya wa kazini, kutoka Mlembea.

Mlembea ni mji wa bondeni, ng'ambo ya mpaka, ndani ya Shirikisho. Tangu enzi za zamani ulipata umeme wake kutoka Milima, kwa kuwa ulikuwa karibu. Msimamizi wa kituo cha umeme cha Mlembea aliitwa Mwajabu Shekue, na yeye na Nankondo walikuwa wamezungumza kwenye waya huo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Hawakuwahi kuonana. Nankondo alijua Mwajabu alivyofiwa na mume, alivyomsomesha binti, alivyopatwa na presha. Mwajabu alijua mapishi yote ya mama yake Nankondo. Kama kuna mtu alimfanya Nankondo apige kura ya kubaki, ni sauti hiyo.

"Mdogo wangu," Mwajabu alisema, bila salamu, na Nankondo akajua kuna jambo. "Saa sita mnatukata?"

"Tunawakata, dada. Lakini ninyi mnahamia kwenye laini mpya ya Shirikisho. Si ndiyo makubaliano?"

"Nimetoka kuikagua hiyo laini. Nilikwenda mwenyewe na pikipiki. Nguzo zimesimama, waya hakuna."

Nankondo aliweka kalamu mezani taratibu.

"Hakuna kivipi?"

"Hakuna kama ninavyokwambia. Nguzo tupu, mpaka macho yanapoishia. Nimeiuliza Mizani, imenijibu kazi imekamilika kwa asilimia themanini na waya utafika baada ya siku arobaini. Siku arobaini, Nankondo! Hospitali ina betri ya saa nne. Kuna watoto njiti kumi na wawili kwenye mashine za joto. Mmoja ni mjukuu wangu. Ana kilo moja na robo."

Hapo ndipo Nankondo alipokumbuka kwamba kwa wiki nzima Mwajabu alikuwa akijibu kwa mkato, na yeye alidhani ni hasira ya kujitoa.

"Mbona hukuniambia umepata mjukuu?"

"Ningekwambiaje? Ninyi mlikuwa mnaondoka."

* * *

Kajiru aliyasikia yote, maana waya wa kazini hauna siri. Alikuwa fundi mzuri, mtoto wa mjini, mwenye akili ya kuhesabu haraka na roho isiyopenda kubahatisha. Aliandika namba kwenye kioo cha kompyuta ya mezani na kukigeuza ili bosi wake aone.

Tukiikata Mlembea mpakani, kama ilivyopangwa, uwezekano wa Milima kusimama ni themanini na tatu kwa mia. Tukiibeba Mlembea, arobaini na mmoja.

"Mizani nayo inasema hivyo hivyo," aliongeza. "Nimeilinganisha."

"Na wale watoto?"

"Mama, hata mimi nina watoto." Sauti yake ilikuwa nzito. "Lakini tukianguka, ni hospitali zetu tisini na sita zitakazoingia gizani. Na sisi tukianguka, tunarudi. Unajua mkataba."

Aliujua. Kila mtu aliujua. Mkataba wa kujitoa ulikuwa na kifungu walichokiita saa ya huruma. Kwa saa nzima baada ya mkato, kioo cha mezani kwa Nankondo kingeonyesha swali moja: Mnataka kurudi? Ndiyo au Hapana. Kidole gumba chake tu ndicho kingekubaliwa. Akigusa Ndiyo, umeme wa Shirikisho unarudi papo hapo na kura ya wananchi inafutwa, isipigwe tena kwa miaka thelathini. Akigusa Hapana, mlango umefungwa. Na asipogusa chochote hadi saa saba, Mizani itakihesabu kimya chake kuwa ni Ndiyo. Huruma ya namna hiyo Mizani ilikuwa nayo tele.

"Nisomee kifungu cha mkato," Nankondo alisema.

"Cha nini sasa?"

"Nisomee, Kajiru."

Akasoma: kuanzia saa sita kamili mchana, hakuna waya wowote utakaounganisha mtandao wa Milima na mtandao wa Shirikisho.

"Kimesema tukate wapi?"

Kajiru alisoma tena, kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Hakikusema. Lakini mpango wetu unasema mpakani. Waziri ametangaza mpakani."

"Waziri ametangaza, mkataba haukutaja. Tukikata ng'ambo ya Mlembea, waya wa kutuunganisha na Shirikisho haupo. Tumetoka, na Mlembea tumetoka nayo." Alisimama. Viatu vyake, cheusi na cha kahawia, vilikuwa hadharani. "Nimeambiwa niitoe nchi. Sikuambiwa niitoe kwa kukanyaga watoto wa watu. Kama uhuru wetu unaanza kwa kuzima mashine ya joto ya kichanga cha kilo moja na robo, basi ile kura yangu ilikuwa sahihi."

"Kura yako ilikuwaje?"

"Haikuhusu."

Alimwogopa kila mtu wakati huo, nafsi yake kuliko wote. Arobaini na mmoja kwa mia. Akiwakosesha watu milioni nne kitu walichokililia miaka thelathini na moja, atapita wapi Changoma hii? Mumewe atamtazamaje na ile kofia? Akaichukua simu ya waya hivyo hivyo.

"Dada Mwajabu. Ile swichi yako ya mashariki, inayotazama Shirikisho. Bado ni ya mkono?"

Miaka kumi na tisa ya kazi ilimtosha Mwajabu kuelewa swali lote.

"Ya mkono," alisema. "Ina kutu. Na kuifungua bila kibali cha Mizani ni kufukuzwa kazi."

"Najua."

"Unajua pensheni yangu imebaki miezi minane?"

"Najua, dada."

"Basi nipe dakika ishirini. Goti langu moja halinyanyuki."

* * *

Saa tano na dakika hamsini na nne, Mwajabu alirudi kwenye waya, akihema kama aliyetoka kupanda kilima. Swichi ilikuwa wazi. Tayari Mizani ilikuwa imemwandikia: Umefungua swichi bila kibali, tafadhali eleza sababu. Alikuwa amejibu kwa neno moja, Watoto. Mizani ikaandika kwamba sababu imepokelewa na itachambuliwa ndani ya siku kumi na nne.

Redio ya chumbani ilikuwa ikirusha sherehe kutoka uwanja wa taifa, ambako Waziri Eliamringi, mwanasiasa mwenye sauti nzuri na mipango mingi ya dakika za mwisho, alikuwa anahesabu sekunde pamoja na watu elfu arobaini. Kumi. Tisa. Nane. Nankondo alishika kishikio cha swichi kuu ya kaskazini, waya wa mwisho uliobaki kati yao na Shirikisho. Walipofika moja, akakivuta.

Mlio ulikuwa mdogo tu, tak, na uwanja ukalipuka kwa shangwe redioni. Ndani ya chumba hakuna aliyeshangilia. Wote waliutazama mshale.

Mshale ulitikisika, mara ya kwanza katika maisha yao, halafu ukaanza kushuka. Arobaini na tisa nukta nane. Nukta sita. Kule juu walinzi walikuwa wanafungua vidole vyao viwili na vitatu kama walivyoagizwa, lakini maji yanataka dakika moja na nusu kushuka bombani, na Mlembea ilikuwa inavuta. Nukta tatu. Kioo cha mezani kikawaka, maandishi ya kijani, ya upole: Mnataka kurudi?

"Mama," alisema Kajiru.

"Naona."

Nukta mbili. Maji ya vidole viwili yakafika, mshale ukasita kidogo, kisha ukaendelea kushuka polepole. Hayakutosha. Hesabu ya Kajiru ilikuwa sahihi, na Nankondo aliuona ukweli huo ukija moja kwa moja usoni kwake. Nukta moja. Angeweza kuikata Mlembea sasa hivi, swichi ya mpakani ilikuwa hapo, hatua tatu. Kwenye waya wa kazini aliisikia pumzi ya Mwajabu, aliyekuwa akiutazama mshale mdogo wa kwake na kuona yale yale. Mwajabu hakuomba. Angeomba, huenda ingekuwa rahisi zaidi.

Na ni wakati huo redio ilipotoa sauti nyingine.

Ilikuwa baragumu. Pembe ya tandala, ya kale, ambayo Waziri alikuwa ameitoa kwenye makumbusho ya taifa ili ipigwe uwanjani kupamba siku. Wazo zuri sana, watu wangelisimulia. Ililia mara tatu, ndefu, na spika za makanisa, misikiti na maduka zikaipokea na kuitupa kutoka kilima hadi kilima, nchi nzima.

"Wamekumbuka mpaka hiyo!" Kajiru alisema, akijaribu kucheka. "Wanapamba tu."

Uso wa Nankondo ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Baragumu halipigwi kwa kupamba, Kajiru. Baragumu ni amri. Baba yangu alikuwa akilisikia anaacha chakula mdomoni, anakimbia. Likilia mara tatu, fungua. Fungua lango lote. Huulizi ni nani kapiga, wala kwa nini."

"Lakini tumewatumia ujumbe, vidole vi..."

"Simu ziko kwenye vikapu!"

Mia sita na kumi na nne. Wanaume waliovaa nguo za sikukuu, na ndiva zilizojaa mpaka mdomoni kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, na pembe ya mababu inalia. Aliwaona wote, Mbazi mbele yao, wakiyanyanyua malango yale kwa mikono miwili na furaha yote waliyokuwa nayo.

Dakika moja na nusu ya maji ikapita, mshale ukitambaa chini, hadi ukasimama kwenye arobaini na tisa nukta sifuri moja. Kisha ukapanda. Nukta tano. Hamsini. Vijana wa pembeni wakaanza kupiga makofi. Hamsini nukta nne. Nukta saba. Makofi yakafa moja moja.

"Ni mengi mno," Kajiru alisema kwa sauti ya chini. "Hamsini na moja. Mama, mitambo itajizima yote. Gusa Ndiyo. Nakuomba, gusa Ndiyo, bado hatujavunja kitu."

Hamsini na moja nukta moja. Maandishi ya kijani yalikuwa yanamsubiri kwa uvumilivu wote wa mashine. Alinyoosha mkono. Na ule mkono, badala ya kwenda kwenye kioo, ukaenda kwenye simu ya waya, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, maana kila jambo lilipomshinda ndiko ulikokwenda.

"Dada, nina umeme mwingi kuliko matumbo ya kuula. Una nini hapo cha kuwasha?"

"Kikubwa kiasi gani?"

"Kikubwa chochote!"

"Nina pampu nne za skimu ya mpunga," Mwajabu alisema. "Mizani ilizizima mwaka wa tatu huu, ikasema mpunga wetu hauna tija. Wakulima wanazipaka mafuta kila Ijumaa, wamekataa kukata tamaa."

Nankondo alitaka kulia. Alipiga kelele badala yake. "Washa! Lakini moja moja, dada, usinivunje mgongo! Nikikwambia!"

"Ya kwanza, hiyo!"

Mshale ulirudi nyuma kwa kishindo, ukasita, ukaanza tena kupanda. Hamsini na moja nukta mbili.

"Ya pili!"

Kwa mkono mwingine alikuwa amemkamata Waziri kwenye simu, maana namba hiyo alipewa kwa ajili ya dharura, na kama hii si dharura basi neno hilo lifutwe. "Mheshimiwa, baragumu lako limefungua ndiva zote za nchi. Usinijibu. Weka simu hii kwenye kipaza sauti." Na Waziri Eliamringi, ambaye mpinzani yeyote angekwambia hajawahi kumpa mtu mwingine kipaza sauti, aliielewa sauti ile, akaiweka.

Hivyo ndivyo watu milioni nne walivyolisikia tangazo la kwanza la jamhuri iliyotoka. Halikuandikwa na mtu.

"Ndugu zangu, mimi ni Nankondo wa Changoma, wa umeme. Washeni! Kila mtu awashe alichonacho. Jiko, pasi, taa, mchana huu huu. Wenye mashine za kusaga, sageni, hata kama hamna mahindi. Wenye viwanda vya chai, washeni mashine zote za kukaushia. Miaka thelathini na moja mmeambiwa zimeni. Leo nawaambia washeni! Na ninyi wa ndiva, Mbazi unanisikia, shusheni malango hadi vidole vinne, polepole, kwa pamoja. Vidole vyenu wenyewe, si vya baba!"

Hamsini na moja nukta nne. Hamsini na moja nukta nne na nusu.

"Ya tatu, dada!"

"Ya tatu hiyo!"

Dirishani ilisikika kwanza mashine moja ya kusaga, ya mzee Kirita, inayopiga kelele kuliko zote. Ikajibiwa na ya soko la juu. Kisha zikaja zote, mji mzima ukanguruma, na ving'ora vya kiwanda cha chai vikaingia, na mtu fulani akawasha muziki kwa sauti ya kuvunja madirisha. Mshale ulisimama. Ukatetemeka pale ulipo. Ukaanza kurudi, hamsini na moja, hamsini nukta sita, na kule milimani walinzi mia sita na kumi na nne walikuwa wanayateremsha malango kidole kwa kidole. Hamsini nukta mbili.

"Ya nne," Nankondo alisema, sasa kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza sukari.

"Ya nne."

Hamsini.

Mshale ulicheza kidogo huku na huku, ukajilaza. Dakika moja ilipita, halafu ya pili. Hamsini ile haikuwa ya Mizani. Ilikuwa ya udongo na mawe na vidole na mashine ya mzee Kirita. Kajiru, mtu wa hesabu, aliketi chini sakafuni na kulia waziwazi, na wenzake walipiga vigelegele mpaka mmoja akaimwaga ile chai ya tangawizi iliyopoa.

"Tungeikata Mlembea mpakani," Kajiru alisema alipoweza, "baragumu lingetuua. Tusingekuwa na pa kuupeleka umeme."

"Nimeliona hilo," Nankondo alisema. "Lakini sikuibeba kwa sababu hiyo. Liandike hivyo hivyo kwenye kitabu cha zamu."

* * *

Saa sita na dakika arobaini, Mwajabu alirudi kwenye waya. Nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi, na Nankondo alidhani ni hitilafu.

"Ni maji," Mwajabu alisema. "Yamefika kwenye majaruba. Watu wameingia humo na viatu, Nankondo, wazima na akili zao, wanaoga kwenye majaruba. Nimepita hospitali. Taa za mashine za joto hazikupepesa hata mara moja. Kachanga kangu kamelala, hakana habari kama nchi zimegawanyika."

"Wamempa jina?"

"Bado. Walikuwa wanaogopa kumpa." Akasogea mbali na zile kelele. "Mizani imeniandikia nimesimamishwa kazi. Halafu imeniandikia tena, inataka nirudi kituoni nikazime zile pampu, eti hazina tija."

"Umeijibu nini?"

"Nimeiuliza kwa umeme wa nani inanipigia kelele. Bado inachambua."

Nankondo alicheka mpaka machozi yakamtoka, cheko la mtu aliyekuwa amebeba mzigo tangu alfajiri. Alipoinama kuyafuta ndipo alipoviona viatu vyake.

"Kajiru! Tangu asubuhi mnanitazama tu?"

"Tulidhani ni dawa, Mama," Kajiru alisema.

Kwenye kioo, maandishi ya kijani yalikuwa bado yanauliza. Zilibaki dakika kumi na tisa. Akiyaacha yalivyo, kimya chake kingeirudisha nchi bila yeye kugusa chochote. Miezi minne iliyopita, ndani ya kibanda cha kura, alikuwa peke yake na kidole hicho hicho, na alichagua kubaki kwa sababu aliogopa kuipoteza sauti moja kwenye waya.

"Usikate simu, dada," alisema. "Subiri kidogo, nimalize kitu."

Akaweka kidole gumba kwenye Hapana, akakikandamiza mpaka maandishi yakazimika.

"Haya," alisema. "Niambie, njia ya kuja huko kwenu ikoje? Nataka nije kumwona mtoto."